Barua Yenye Nakala Nne

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita nitasema kwa kifupi, maana hata mimi nimechoka kuirudia habari hii.

Mimi ni msimamizi wa zamu katika chumba cha kufulia cha hospitali. Nina miaka arobaini na tisa, na ninasoma shule ya jioni. Mpiga pasi wetu mkongwe, tunayemwita Mama Pasi, ndiye aliyeniingiza kazini miaka kumi na minne iliyopita. Ndiye aliyenifundisha kukunja shuka, na ndiye aliyenisukuma nikaanze kusoma. Sasa macho yake yanafifia. Vitambaa vitatu vya chumba cha upasuaji vilitoka kwetu vikiwa na matundu. Muuguzi alivigundua mgonjwa akiwa tayari kitandani, na mgonjwa yule akasubiri nusu saa nzima wakitafuta vingine.

Nilipaswa kumwita Mama Pasi pembeni nikamwambia. Badala yake nilimwandikia barua Katibu wa hospitali.

Shuleni, mwalimu wa jioni alitufundisha barua rasmi kwa mfano mmoja tu, wa tangazo la mkutano. Chini ya mfano ule palikuwa na nakala nne: Mganga Mkuu, Chama cha Wafanyakazi, Masjala, Ubao wa Matangazo. Mimi nikaamini kuwa barua isiyo na nakala nne ni kama shati lisilo na vifungo. Nikaziandika zote, kwa mwandiko wangu bora, nikazipeleka masjala kwa karani.

Karani hakuuliza kitu. Alizigawa tatu, ya nne akaibandika ubaoni.

Ndivyo macho ya Mama Pasi yalivyotundikwa kati ya ratiba ya chai na tangazo la funguo zilizookotwa.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa karani kabla hata sijavaa aproni.

"Kaka, naomba uitoe ile barua."

"Ipi?"

"Unaijua ipi."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Dada, kilichobandikwa kwa barua kinatolewa kwa barua."

"Niandike barua nyingine?"

"Ndiyo utaratibu. Na nakala moja iwe kwangu."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilikwenda ubaoni nikaing'oa kwa kucha. Pembe moja ikabaki chini ya pini, yenye neno "macho." Niliiacha. Watu wote walikwisha soma.

Chumba cha kufulia kiko chini ya jengo, nyuma ya jiko. Kuna mashine nne, moja haifanyi kazi. Kuna joto la kutosha kuivisha binadamu. Nilipoingia, Bwana Mashine, anayeendesha zile tatu zilizobaki, alikuwa ameinua kikombe chake.

"Karibu, Bi Nakala," akasema. "Hii chai nakunywa mimi. Nakala nimpelekee nani?"

Wakacheka. Nami nikacheka, nikidhani nikicheka nao yatapita. Hayakupita. Hadi saa sita jina lile lilikwisha fika jikoni, na mpishi mmoja aliniuliza kama wali wangu nautaka sahani moja au nne.

Mama Pasi peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye pasi yake, mgongo umenyooka, anapitisha foronya moja baada ya nyingine. Nilimkaribia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, msimamizi."

Miaka kumi na minne hajawahi kuniita hivyo. Nilikuwa "mwanangu" nilipofika sijui hata kuwasha mashine. Nilikuwa "mwanangu" nilipounguza mapazia ya wodi nzima. Hata juzi nilipopandishwa cheo nilikuwa "mwanangu, usivimbe kichwa." Sasa nilikuwa msimamizi.

"Mama, ile barua..."

"Foronya za wodi ya watoto zimekwisha, msimamizi. Nianze shuka?"

"Anza, Mama."

Akaanza. Nami nikarudi kwenye meza yangu nikiwa nimechoka kama mtu aliyebeba maji kutoka mbali, akafika nyumbani, akakuta ndoo imetoboka.

Nyumbani ninaishi na mama mkwe wangu tangu mwanawe afariki. Jioni ile nilimweleza yote. Alisikiliza akichambua mchele, hakuinua uso.

"Mkwe wangu," akasema mwishoni, "zamani ulikuwa hujui kuandika. Nyumba ilikuwa na amani."

"Mama, mimi nilitaka kufanya vizuri."

"Najua. Wanaofanya vibaya wakitaka vibaya ni wachache sana." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Umeongea naye?"

"Nimeomba."

"Sijakuuliza kama umeongea na Mungu. Mungu hana kinyongo nawe. Nakuuliza kama umeongea naye."

Nitaungama hapa, kwa sababu hii ndiyo kazi ya safu hii: wiki nzima kabla ya kuandika barua ile nilikuwa nikipiga magoti kila alfajiri na kumwomba Mungu azungumze na Mama Pasi kwa niaba yangu. Nilitaka Mungu anisaidie kwa kunitangulia mahali nilipoogopa kwenda, na akifika huko, anifanyie kazi yote. Nilipoona hasemi, nikamtuma Katibu.

Jumanne ikapita. Sikwenda darasani. Nilimwambia mwalimu nina mafua.

Jumatano, wenzetu walipokwenda kula, Mama Pasi alinikuta stoo ya mashuka. Alifunga mlango nyuma yake. Akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, pembe kwa pembe, kama anavyokunja kila kitu.

"Karani amenipa nakala," akasema. "Nisomee."

"Mama..."

"Kila mtu ananiambia barua inasema nini, na kila mtu anasema lake. Mpishi anasema umeandika mimi kipofu. Bwana Mashine anasema umeandika mimi mchawi, lakini yule mtani. Nataka kusikia kwako. Soma yote, usiruke."

Nikaifungua.

"'Yahusu, kufifia kwa macho ya mpiga pasi.'"

"Endelea."

"'Rejea kichwa cha habari hapo juu. Napenda kukujulisha kwamba mtajwa...'"

"Mtajwa nani?"

"Wewe, Mama."

"Kwa nini hukuandika jina langu?"

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Haya. Mtajwa amefanya nini?"

"'Kwamba mtajwa haoni tena sawasawa, na anajitia anaona. Kwamba amekuwa akipapasa nguo kwa vidole badala ya kuzitazama. Kwamba ameulizwa mara kwa mara na hasemi kweli.'"

Aliinua kidole. "Hapo simama. Haoni, kweli. Anapapasa, kweli. Nani aliniuliza?"

Nilitafuta jibu ndani ya ile karatasi. Halikuwamo.

"Nani aliniuliza, msimamizi?"

"Hakuna, Mama."

"Hata mara moja."

"Hata mara moja. Nilidhani barua itakuwa na nguvu zaidi ikiwa na neno hilo."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayethibitisha bei aliyokwisha kuambiwa. "Malizia."

"'Hivyo basi naomba hatua stahiki zichukuliwe.'"

"Hatua stahiki ni nini?"

Nje, mashine ya kukaushia ilikuwa inazunguka na kifungo cha chuma kilikuwa kinagonga ndani yake, ko, ko, ko.

"Sijui, Mama," nikasema. "Mwalimu alituambia barua ya malalamiko huishia hivyo."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alichukua karatasi, akaisogeza karibu kabisa na pua, akaigeuza upande kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaikunja tena pembe kwa pembe.

"Wanasema mwandiko wako umekuwa mzuri sana," akasema. "Nilitaka kuuona."

Akafungua mlango, akarudi kwenye pasi.

Alasiri ile Katibu aliniita ofisini. Ni mtu mpole, mwenye mafaili mengi na sauti ndogo. Nilikwenda nimejipanga: nitaomba barua yangu irudi, mambo yaishe.

"Barua yako imenifurahisha," akasema kabla sijakaa. "Imeandikwa vizuri. Wasimamizi wengine huja hapa kupiga kelele."

"Naomba kuirudisha, mheshimiwa."

"Kuirudisha vipi?"

"Iwe kama sikuandika."

Akatabasamu kwa uchovu. Nilimwonea huruma, nikajiona mwenyewe usoni mwake. "Mama, barua si shuka. Haifuliwi. Ingekuwa moja ningeiweka droo hii, tukaongea watatu, tukamtafutia mwenzako kazi ya kukaa. Lakini umepeleka nakala. Mganga Mkuu ameniuliza mara mbili. Chama wamemteua mtu wa kusikiliza. Kikao ni Ijumaa saa nne."

"Na ikionekana ana makosa?"

"Ataondoka kabla ya muda wake."

"Amebakiza miezi saba."

"Najua. Na kile chumba anachokaa nyuma ya jengo la wafanyakazi kitarudi kwa hospitali ndani ya siku saba. Hiyo ndiyo kanuni, sikuitunga mimi." Akafungua faili. "Sasa nahitaji ushahidi. Mna daftari la ukaguzi?"

"Lipo."

"Vile vitambaa vitatu vilifungwa tarehe zipi?"

"Tarehe ziko kwa muuguzi, kwenye lebo za vifurushi."

Akanipa karatasi ya muuguzi. "Linganisha na daftari. Ijumaa uje nalo."

Ndipo nikagundua hatua stahiki ni nini. Ni kumhamisha mwanamke wa miaka hamsini na tisa, asiyeona vizuri, kutoka chumba alichokaa miaka ishirini, ndani ya wiki moja. Niliomba hilo kwa mwandiko mzuri.

Alhamisi nilikaa na lile daftari kwenye meza ya taa.

Nieleze meza hiyo, kwa kuwa ndiyo yenye kesi. Ni meza ya kioo yenye taa chini yake. Kila kitambaa cha upasuaji kikishakauka hutandazwa juu ya kioo, na mtu hukitazama. Tundu likiwapo, hata dogo la sindano, mwanga hupenya kama nyota. Kitambaa kizima huenda kufungwa, chenye tundu huenda kutiwa kiraka. Kazi hiyo hufanywa saa kumi jioni, ndiyo ya mwisho, na kwa kanuni yetu jicho la mwisho ni la msimamizi. Akimaliza anatia alama yake daftarini.

Tunatia alama, hatuweki sahihi, kwa sababu zamani wengi wetu hatukujua kuandika. Ya Mama Pasi ni duara. Yangu ni mistari miwili iliyokatana. Nimeshajifunza kuandika jina langu lote, lakini alama sikubadilisha. Nimeizoea.

Darasa langu huanza saa kumi na moja, na ni mbali. Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi, tangu nipandishwe cheo, nilikuwa nikiondoka saa kumi kasorobo. Mama Pasi alinifukuza kwa mikono yake. "Nenda, mwanangu, nitamalizia." Nilijua anamalizia kukunja na kufunga milango. Vitambaa je? Nilijiambia anaviacha hadi asubuhi. Nilijiambia mwenzangu mwingine anavitazama. Nilijiambia mambo mengi, na hakuna hata siku moja nilipouliza.

Nikafungua tarehe ya kwanza. Alhamisi. Chini ya vitambaa thelathini na viwili palikuwa na mistari miwili iliyokatana.

Tarehe ya pili. Jumanne. Mistari miwili.

Ya tatu, Alhamisi. Mistari miwili, minene kidogo, mmoja umepita nje ya mstari wa daftari, kama umechorwa na mtu asiyeona daftari linaishia wapi.

Siku zote tatu nilikuwa darasani. Siku ya tatu, nakumbuka vizuri, nilikuwa najifunza kuandika barua rasmi.

Sikwenda shule jioni hiyo pia. Nilikwenda chumbani kwa Mama Pasi, saa kumi na mbili, daftari limefichwa ndani ya kanga.

Nilikijua chumba kile. Kitanda kimoja, shuka lake halina kunyanzi hata moja. Jiko dogo. Rafu yenye nguo zilizokunjwa zikalingana kama vitabu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwa vidole, macho ameyaelekeza mlangoni.

"Ni wewe," akasema. "Unaburuta mguu wa kushoto. Viatu vyako vimekwisha."

"Mama, ulitia alama yangu."

Hakuuliza alama gani. Aliendelea na maharage.

"Ningetia duara," akasema, "mtu angeuliza msimamizi alikuwa wapi saa kumi. Ungeacha shule."

"Na macho yako?"

"Nilikuwa naona kivuli. Nikapapasa. Vidole vyangu vinajua tundu, mwanangu, vimepapasa nguo miaka thelathini. Vile vitatu vilinipita." Akaupepeta ungo kidogo. "Sikukwambia kwa sababu ungebaki kazini. Na ungebaki ukiniangalia kwa huruma. Mimi huruma siipendi, inanukia kama dawa ya wodini."

Aliniita mwanangu. Nilikaa chini sakafuni, palepale mlangoni, nikalia kidogo. Alinisubiri nimalize.

"Kesho nitawaambia," nikasema.

"Utawaambia nini?"

"Kwamba nilikuwa sipo. Kwamba kazi ni yangu, na alama ni yangu, na wewe ulikuwa unanifunika."

"Sikiliza." Akaweka ungo chini. "Ukisema hivyo, wewe umetoroka kazini, mimi nimeghushi alama. Tunaondoka wote. Ukinyamaza, naondoka mimi tu. Mimi macho yamekwisha, hata nikibaki miezi saba nitabaki kupapasa ukuta. Wewe una mtihani mwezi ujao, na mama mkwe nyumbani. Hesabu hiyo hata mimi nisiyesoma naiweza."

"Utakaa wapi, Mama?"

"Mungu ana vyumba."

"Hilo si jibu."

"Na wewe ulipoandika barua, hukutaka jibu. Kesho vumilia kutopata unalotaka." Alisema bila ukali. Kisha akatabasamu kidogo. "Na ukipenda, peleka nakala."

Alfajiri ya Ijumaa nilipiga magoti kando ya kitanda. Nilikusudia kuomba ujasiri. Nikajikuta naomba homa. Homa ndogo tu, ya siku moja, ya kumzuia mtu kusimama. Kisha nikaona aibu, nikasema: Bwana, sijui kuomba jambo hili. Nifanye tu nisiandike.

Sikupewa homa. Niliinuka mzima wa afya, nikapanda ngazi hadi ofisi ya Katibu na daftari kwapani.

Walikuwa wanne mezani: Katibu, muuguzi wa upasuaji, mtu wa chama, na karani wa masjala wa kuandika. Mama Pasi alikuwa amevaa gauni lake la bluu, limenyooka hata ungeweza kujikata nalo. Nilikaa kando yake. Alinukia sabuni na mvuke.

Muuguzi alieleza habari ya vitambaa. Alieleza kwa haki, bila chumvi. Alisema mgonjwa yule alikuwa baba mtu mzima, na kwa nusu saa ile alikuwa akiuliza kama wamebadili mawazo.

Mtu wa chama alimgeukia Mama Pasi. "Mama, kweli huoni?"

"Naona ulivyo mnene," akasema Mama Pasi. "Zaidi ya hapo sina uhakika."

Mtu wa chama akakohoa. Karani aliinamia karatasi yake, mabega yanatikisika.

Katibu alifungua daftari. Alipitisha kidole hadi tarehe ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Hapa hapana majina," akasema. "Kuna alama. Aliyetia alama ndiye aliyekagua, sivyo?"

"Ndivyo," nikasema.

"Siku zote tatu ni alama moja. Ni ya nani?"

"Ni yangu," akasema Mama Pasi.

Alisema haraka, wazi, kama anayejibu jina lake likiitwa. Nilihisi goti lake likigusa langu chini ya meza na kulisukuma. Nyamaza.

Nami nikanyamaza. Lazima niandike hili. Nilihesabu pumzi tatu nikiwa nimenyamaza, na katika zile pumzi tatu nilimwona mwalimu, nikaona karatasi ya mtihani yenye jina langu juu, nikaona nimeshinda. Pumzi tatu si nyingi. Lakini nilizivuta zote, na zilikuwa tamu.

"Sawa," akasema Katibu. Akaligeuza daftari, akalisukuma mbele ya Mama Pasi. "Basi kwa ajili ya kumbukumbu, mama, tuonyeshe alama yako kwenye ukurasa huu. Gusa tu kwa kidole."

Hakukusudia ubaya. Ni utaratibu.

Mama Pasi aliinamisha uso. Mkono wake ulitoka polepole juu ya meza, ukagusa ukingo wa daftari, ukapanda. Kidole kilitembea juu ya karatasi, kikipapasa, kama kinatafuta tundu. Wino hauna tundu. Kilipita juu ya mistari miwili, kikaenda mbele, kikashuka chini kabisa ya ukurasa, penye weupe mtupu. Kikasimama hapo.

"Hii hapa," akasema.

Muuguzi aligeuza uso dirishani. Karani aliacha kuandika.

Niliushika mkono wake. Ulikuwa wa moto, wenye ngozi ngumu, mkono ulioniongoza siku ya kwanza nilipoogopa mvuke wa pasi. Nikauinua, nikaupeleka juu, mstari kwa mstari, nikakiweka kidole chake mahali penyewe.

"Iko hapa, Mama," nikasema. "Na ni yangu."

"Mwanangu, acha," akanong'ona.

"Mistari miwili ni alama yangu tangu nilipoajiriwa," nikamwambia Katibu. "Yake ni duara. Muulizeni yeyote kule chini."

Katibu alilivuta daftari mbele yake. Kisha akamgeukia karani. "Futa uliyoandika. Tunaanza upya."

"Nifute yote?" karani akauliza.

"Yote." Akavuta karatasi safi, akaandika tarehe juu yake kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa mpole tena, wala hakuwa mkali. Alikuwa amechoka tu, kama mimi. "Mama msimamizi. Alhamisi ile, saa kumi jioni, kazi hii ilipokuwa inafanywa kwa alama yako. Wewe ulikuwa wapi?"

Goti la Mama Pasi lilikuwa bado limegusa langu. Halikusukuma tena.

Nikafungua mdomo.